Maji yakifika kibandani: mwongozo wa kulinda biashara ndogo dhidi ya mafuriko na moto

Masika ikikaribia, simu yangu hujaa maswali yaleyale. "Dada, nianzie wapi?" "Akiba nitaitoa wapi na biashara yenyewe ya kuungaunga?" "Bima inasaidia kweli?" Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Dar es Salaam, na wanachama wetu wengi ni mama lishe, wauza genge, wauza mitumba na wasusi wanaotafuta riziki jirani na Bonde la Msimbazi. Nimechoka kujibu nusu nusu kwenye simu. Majibu yote nayaweka hapa, uyafuate hatua kwa hatua.

Nitazungumzia maji na moto, kwa sababu hayo mawili ndiyo yanayotumaliza. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko la Kariakoo liliungua. Januari 2022 likafuata soko la mitumba la Karume, pale Mchikichini. Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likafukia maduka na nyumba za Katesh. Mvua za El Niño zilizoendelea hadi Aprili 2024 ziliua watu 155 nchini kwa hesabu iliyotolewa bungeni, na kaya zaidi ya 51,000 ziliathirika. Ndani ya kaya hizo kulikuwa na meza za maandazi, majokofu ya juisi na vyerehani ambavyo havikuingia kwenye hesabu yoyote.

Mimi yalinikuta Desemba 2011, mvua ile iliyowahamisha wengi mabondeni hadi Mabwepande. Nilikuwa na kibanda cha chakula. Maji yalipoanza kupita mlangoni nilibeba televisheni ya kuwachangamsha wateja, nikaiweka kichwani, nikapanda nayo mlimani. Siku ya tatu niliporudi, nilikuta daftari langu la madeni limenata chini ya meza ya kukatia vitunguu. Nililianika juani, nikalifungua kwa ncha ya kisu ukurasa mmoja mmoja. Wino wa bluu ulikuwa umetapakaa kama rangi ya batiki. Nilisoma "Mama", halafu doa. "Fundi", halafu doa. Madeni yote niliyokuwa nawadai wateja yalifutika. Lakini mwenye duka la jumla alikuwa na daftari lake, kavu, na jina langu lilisomeka vizuri: mchele, mafuta, unga, vyote vya mali kauli. Nilimlipa kwa miezi saba.

Kilichoniangusha ni hiyo miezi saba. Maji yenyewe yalikaa siku mbili. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inalenga jambo moja: ufungue tena mapema, hata kwa meza moja, kabla marejesho na njaa ya nyumbani havijala mtaji uliobaki.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari jipya na kalamu ya risasi. Maandishi ya risasi hayatapakai yakilowa kama wino wa kalamu ya kawaida.
- Simu yenye kamera, hata ya mtumba.
- Ndoo mbili au tatu za lita 20 zenye mfuniko unaobana.
- Chaga za mbao au matofali ya kunyanyulia mizigo.
- Turubai na kamba.
- Kitambulisho cha NIDA, leseni au kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo, namba ya mlipa kodi kama unayo, na mkataba wa fremu au eneo.
- Mtu mmoja unayemwamini anayeishi mahali pa juu, nje ya mtaa wako.
- Siku moja ya mapumziko. Ukiifanya kazi hii huku unahudumia wateja, hutaimaliza.

Hatua ya 1: Kagua eneo lako

Simama mlangoni asubuhi, kabla hujatandika meza. Angalia maji yataingilia upande gani na yatatokea wapi. Muulize mkazi wa siku nyingi yalifika wapi mara ya mwisho, kisha chora mstari wa chaki ukutani pale alipokuonyesha. Pandisha mstari mwingine juu yake kwa kiasi cha dhiraa moja. Chochote kilicho chini ya mstari wa juu, kihesabu kwamba siku moja kitalowa.

Halafu geukia moto. Waya gani umechunwa? Soketi ipi inapata joto? Jirani anakaangia wapi? Mlango ukizibwa na moto, utatokea wapi? Ukuta wa nyuma ukiwa wa mabati yaliyopigiliwa, ongea na mwenye eneo muweke upenyo wa kutokea.

Hatua ya 2: Andika ulivyo navyo, piga picha, kisha vipeleke mbali

Hapa naomba utulie, maana ndipo wengi wanaporuka.

Gawa daftari sehemu tatu. Ya kwanza ni mali: jokofu, jiko, sufuria, cherehani, meza, kila kimoja na bei uliyonunulia. Ya pili ni unaowadai: jina, kiasi, tarehe, namba ya simu. Ya tatu ni wanaokudai wewe: duka la jumla, kikundi, mwenye fremu, mkopo wa simu. Usione aibu kuandika hiyo ya tatu. Wenzako wameshaiandika kwao.

Kila Jumapili jioni, piga picha kurasa zilizoongezeka. Mara moja kwa mwezi piga picha kibanda chote kutoka pembe nne, fungua na jokofu lionekane ndani. Piga picha pia vitambulisho, mkataba na risiti za vitu vikubwa. Zote mtumie yule mtu wako wa mlimani. Zikibaki kwenye simu yako peke yake, simu ikizama zimezama nayo.

Kuna jambo linalowakuta wanawake kila mara: laini ya simu. Wengi wetu hela ya biashara inaingia kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, kaka au mtu aliyekuuzia. Simu ikipotea mafurikoni, kurudishiwa laini kunahitaji alama ya kidole ya aliyesajili. Kama yuko mbali, au mmekosana, au ametangulia mbele ya haki, hela yako imefungiwa. Nenda wiki hii ukasajili laini kwa jina lako na kidole chako. Na kama mkataba wa fremu uko kwa jina la mtu mwingine, omba uandikwe upya. Msaada, fidia na mkopo hufuata jina lililo kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Tenga fungu la kufungulia

Usijiwekee lengo la "akiba ya dharura" lisilo na mwisho. Jiulize: nikianza upya kesho kwa udogo kabisa, nahitaji nini kwa siku ya kwanza? Mimi nilipopiga hesabu yangu ilikuwa hivi:

- Mchele kilo 5: 14,000
- Maharage kilo 2: 6,000
- Unga kilo 5: 7,500
- Mafuta lita 2: 10,000
- Mkaa: 10,000
- Dagaa na mboga: 12,000
- Nyanya, vitunguu, chumvi: 6,000

Jumla shilingi 65,500. Wewe weka bei za soko lako na bidhaa zako. Msusi atahesabu rasta, mafuta na vitana, muuza mitumba atahesabu nguo chache za kuchagua badala ya robota zima.

Ukitenga shilingi 1,000 kila siku ya kazi, siku 66 unalifikisha fungu hilo. Ukianza mara tu masika inapoisha, vuli itakukuta umeshamaliza. Likitimia, endelea mpaka liwe maradufu, kwa sababu nyumbani nako watahitaji kula wiki ile.

Weka wapi? Kwenye laini ya pili usiyoitembeza, benki, au kikundini kwa makubaliano ya maandishi. Kibubu cha mbao ndani ya kibanda kinaungua pamoja na kibanda. Usitegemee upatu peke yake, kwa sababu zamu yako haiji kwa kufuata mvua. Na ndugu wakijua kuna hela imekaa, watakuja na shida za kweli kabisa. Nimeona fungu likiondoka kwenye harusi, nikaona na likiondoka kwenye ada ya shule, na ada huwezi kuikataa. Ndiyo maana nashauri liitwe mtaji, lisiitwe akiba, na litolewe kwa sahihi za wanakikundi wawili.

Hatua ya 4: Nyanyua mali

Unga, mchele na sukari viingie kwenye ndoo zenye mfuniko, na ndoo zikae juu ya chaga. Kiroba cha mchele kikilowa hakikaushiki. Punje zinavimba mpaka zinapasua mshono. Jokofu lipandishe juu ya matofali na liegemee ukuta imara. Mitumba ining'inie, isikae kwenye robota sakafuni. Cherehani kiwe na mahali pake pa kupandishwa juu, na jaribu mapema kama unaweza kukibeba mwenyewe ukiwa na mtoto mgongoni. Kama huwezi, mtafute jirani wa kushirikiana naye leo.

Hatua ya 5: Punguza moto

Usiunganishe jokofu, jiko la umeme na pasi kwenye ekstensheni moja. Unapofunga jioni, chomoa vyote usivyovihitaji, funga koki ya mtungi wa gesi, mwagia maji majivu ya mkaa hata kama yanaonekana yamezima. Usiache mshumaa wala udi unawaka.

Mafuta ya kukaangia yakishika moto, usiyamwagie maji; yatalipuka na kukuchoma uso. Zima jiko kama unalifikia, funika kwa mfuniko wa sufuria, uache mpaka ipoe. Moto ukishapanda ukutani, toka. Namba ya Zimamoto ni 114, haina malipo. Iandike ukutani kwa rangi, kwa sababu mtu akiwa na hofu hasahau namba za simu tu, husahau hata jina la mtaa. Andika na jina la mtaa pamoja na alama ya jirani: msikiti, shule, kituo cha daladala.

Hatua ya 6: Kubalianeni kikundini kabla ya mvua

Mwanamke mmoja hawezi kuyabeba haya yote. Itisheni kikao muandike mambo manne kwenye katiba ya kikundi:

a) Mwanachama aliyepata janga anapewa kiasi gani kutoka mfuko wa jamii, na ndani ya siku ngapi. Sisi tuliweka siku tatu.

b) Marejesho yake yanasimama kwa wiki ngapi bila faini. Msiache jambo hili liamuliwe kwa huruma siku ya tukio. Nimeshuhudia ugomvi mkubwa kwa sababu mmoja alisamehewa wiki nne na mwenzake mbili.

c) Stoo ya juu iko kwa nani. Mwanachama anayeishi mlimani anapokea ndoo na vyerehani vya wenzake, kila kitu kina jina.

d) Nani anampigia nani. Msianze kupiga kelele kwenye kundi la simu ambalo nusu hawana bando. Kila mtu anapiga simu mbili tu, anazozijua tangu mapema.

Kikundi chenye usajili kina faida nyingine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejea 2024. Kamuone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako wakati wa kiangazi. Usisubiri mpaka uwe umelowa, kwa sababu taratibu zake huchukua muda.

Hatua ya 7: Tahadhari ikitolewa

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia rangi. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wengi husubiri nyekundu. Ukisikia njano na uko bondeni, anza hivi:

1. Usinunue mzigo mpya. Uza ulionao.
2. Chaji simu. Mtumie mtu wako picha za mwisho za daftari.
3. Rangi ya chungwa ikitoka, peleka stoo ya juu daftari, vitambulisho, cherehani na ndoo.
4. Watoto waende kulala kwa ndugu mlimani usiku huo, pamoja na sare na madaftari yao ya shule. Mama ambaye hajui watoto wako wapi hawezi kuokoa biashara.
5. Maji yakianza kuingia, zima swichi kuu kama unaifikia ukiwa umesimama pakavu, kisha ondoka. Usirudi kuchukua kitu. Maji ya kasi yakifika magotini tu yanakuangusha, na mifereji iliyo wazi haionekani chini yake.

Ule mpangilio wa kwenye namba 3 usiubadilishe. Daftari kwanza. Televisheni hainunui mchele.

Hatua ya 8: Siku mbili za kwanza baada ya janga

Usiingie kabla ya kuhakikisha umeme umekatwa. Vaa viatu vizito. Tope huficha misumari na chupa. Kabla hujafagia chochote, piga picha: alama ya maji ukutani, kila kilichoharibika kilipo. Mtu akikuharakisha usafishe, mwambie asubiri dakika kumi. Halafu nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukaandikishe hasara na uombe barua yenye mhuri. Barua hiyo utaitumia benki, kwenye bima, na kwa mwenye fremu.

Chakula kilichoguswa na maji ya mafuriko kitupe, hata mchele unaodhani utauanika. Maji yale yamepita vyooni, na kipindupindu kitaanzia kwa wateja wako. Jokofu lililokaa bila umeme lakini halikulowa, likiwa limefungwa, hutunza chakula kwa takriban saa nne. Lililolowa lisichomekwe mpaka fundi alifungue na likauke kabisa.

Sufuria na meza zioshe kwa sabuni, kisha dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Usichanganye klorini na dawa nyingine ya kusafishia. Hutoa hewa ya sumu. Nguo za mitumba zifuliwe siku hiyohiyo, kwani ukungu hauchukui muda kuanza.

Hatua ya 9: Fungua kidogo

Usisubiri kibanda kikauke. Tandika meza moja mahali pakavu, pika kitu kimoja. Uji na maandazi vinatosha. Wapigie wateja wako wa kila siku uwaambie ulipohamia. Wapigie na wale unaowadai, kwa upole, kwa sababu daftari lako sasa lipo. Duka la jumla lipigie wewe kabla halijakutafuta, ulieleze, uombe ratiba mpya. Mwenye duka hulegea zaidi kwa mteja aliyejitokeza kuliko kwa aliyezima simu.

Ukikwama

*Sina hata hiyo elfu moja kwa siku.* Anza na 300, au tenga bidhaa badala ya hela: kila ukinunua mafuta, chupa moja ndogo inakwenda stoo ya juu. Na anza na Hatua ya 2, haina gharama.

*Nimeshapata hasara na sina fungu. Nichukue mkopo wa kausha damu?* Usichukue. Riba ya siku au ya wiki inakula biashara ambayo bado haijasimama. Jaribu kwanza kikundi, halafu mali kauli kidogo kwa duka linalokujua, halafu kuuza kifaa kimoja usichokihitaji mwezi huu. Nimewaona wenzetu wakipoteza kwa mkopo huo sufuria zilezile ambazo mafuriko yaliwaachia.

*Bima?* Inafaa kama una vifaa vya thamani. Hakikisha kampuni au wakala ana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Uliza mambo matatu na ujibiwe kwa maandishi: mafuriko yamo, au ni moto tu? Kibanda cha mbao kinakubaliwa? Bidhaa za ndani zimo, au jengo peke yake? Usilipie kitu ambacho hakijaandikwa.

*Mume hataki nitenge hela bila yeye kujua.* Mwonyeshe hesabu ya Hatua ya 3, mezani, kwa kalamu. Wengi hukubali wakiona ni mtaji wa kuwalisha watoto wiki ya mafuriko. Akikataa kabisa, fungu likae kikundini kama hisa.

*Kikundi chetu hakitaki kuandika kanuni, wanasema tunaaminiana.* Andikeni moja tu, ya siku tatu. Nyingine zitafuata baada ya mvua ya kwanza.

*Daftari limelowa tayari.* Usilifungue kwa nguvu. Lianike kivulini penye upepo, weka karatasi kavu kati ya kurasa, ubadilishe kila baada ya saa chache. Kabla hujasahau, kaa na binti yako au mwenzako mmoja, taja kwa sauti kila mteja unayemkumbuka na kiasi chake, yeye aandike. Mimi nilifanya hivyo wiki mbili baadaye, nikakumbuka watu tisa. Sita walilipa.